Kabla Hujaipa Timu Pesa Yako, Muulize Mpishi wa Kambi

Meza yangu ya dagaa iko Mwaloni Kirumba, upande wa magunia yanayopakiwa kwenda Kongo. Chini ya mizani nina madaftari mawili. La kwanza ni la mali: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa, nani bado. La pili ni la timu. Kwa misimu mitatu nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya mpira hapa Mwanza, enzi hizo ikicheza Daraja la Kwanza, na daftari lile sijalitupa. Kila shilingi iliyoingia imo, na kila sahani ya wali iliyoliwa kambini imo.

Kwa ajili ya daftari hilo watu hunijia. Wiki mbili zilizopita alikuja baba mmoja wa Buswelu. Mwanawe ni beki wa kushoto, kapewa mkataba, na mzee anataka kujua kijana asaini au aache. Kabla yake walikuja wafanyabiashara wenzangu walioombwa mchango wa kuipandisha timu daraja. Mwaka jana alikuja kijana mwenye duka la vipuri vya injini za mitumbwi pale Kitangiri, ameitwa awe mdhamini. Kila mmoja anauliza kwa maneno yake, lakini wanachotaka kujua ni kimoja: timu hii inabebwa na nani? Tajiri wake, viongozi wake, au vijana wanaocheza?

Nitaeleza ninavyopima mimi. Inachukua wiki mbili hivi, nauli ya daladala, na daftari la shule.

Anza kwa kumtafuta tajiri wa kweli

Ziwani, mtumbwi wa dagaa unaendeshwa na watu wa aina tatu. Yupo mwenye mtumbwi, ambaye sisi tunamwita tajiri: nyavu zake, injini yake, mafuta yake. Anaweza kuwa anakaa mjini na hajalala majini hata usiku mmoja. Wapo wavuvi, ambao ndio wanaojua dagaa wamesimama wapi giza likishika. Na katikati yupo msimamizi. Huyu anapokea mzigo alfajiri, anahesabu ndoo, anapeleka injini kwa fundi kabla haijazima, anawagawia wavuvi chao. Mwezi ukiwa mweupe, taa za kuvutia dagaa hazina kazi na mitumbwi imelala mchangani, msimamizi ndiye anayefanya wavuvi wasihamie kambi ya jirani.

Timu ya mpira nayo ina hao watatu. Tajiri ni mwenye timu au mfadhili. Wavuvi ni wachezaji. Msimamizi ni uongozi: mwenyekiti, katibu, mtendaji, meneja wa timu, na kocha naye namweka humo, kwa sababu kocha hupanga kazi ya watu kabla ya kupanga kikosi.

Ugumu ni kwamba kwenye mpira wetu tajiri hajulikani upesi. Tazama kanda yetu tu. Pamba ya zamani, TP Lindanda, ilisimama juu ya zao la pamba kama jina lake linavyosema. Leo ni Pamba Jiji na mlezi wake ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kagera Sugar ya Bukoba inatembea na kiwanda cha sukari. Geita Gold ni ya halmashauri, na mgodi wa dhahabu umekuwa mdhamini wake. Alliance ya Mahina ilizaliwa ndani ya shule na kituo cha kulea vipaji. Mbao iliasisiwa na wauza mbao. Toto Africans ni ya wanachama na mapenzi ya watu wa mji. Kule Dar es Salaam, Simba na Yanga ni klabu za wanachama ambazo kwa utaratibu wa serikali lazima wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Ndiyo maana Mohammed Dewji aliposhinda zabuni ya Simba Desemba 2017 kwa shilingi bilioni 20, alichopewa ni 49.

Kwa hiyo usiulize klabu ni ya nani. Utasomewa katiba. Uliza mshahara wa mwezi uliopita ulitoka wapi. Katiba ya timu yetu ilisema mali ya wanachama, lakini mishahara ilitoka kwenye simu ya mtu mmoja mwenye malori, na siku ambayo simu yake haikupatikana, wanachama wote mia tatu na ushee hatukuweza kununua hata gunia la mchele.

Ukishalipata jibu, andika chini yake: pesa ya mtu huyu, au ya taasisi hii, inategemea nini? Kama ni zao, bei ikianguka timu inakuwaje? Pamba ilikuwa ikiogopwa nchi nzima miaka ya mwisho ya themanini na mwanzo wa tisini. Biashara ya zao la pamba ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994, vyama vya ushirika na bodi vikapungua nguvu, na timu ikapungua navyo hadi ikatoka Ligi Kuu. Imerudi msimu wa 2024/25, baada ya zaidi ya miaka 20. Watoto wangu wote wamezaliwa na kusoma katika huo ukimya. Kama tajiri ni halmashauri, fikiria bajeti na madiwani. Kama ni kiwanda, fikiria mameneja wa kiwanda wakibadilishwa. Kama ni mtu mmoja, fikiria afya yake na madeni yake. Kufanya hivyo si kumwombea mabaya.

Tafuta mwaka ambao kilibadilika kitu kimoja tu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Timu ikifanya vizuri kila kitu kinaonekana kizuri: tajiri mkarimu, kocha ana akili, straika ana bahati. Ikifanya vibaya vyote vinaoza siku moja. Hutajua kinachobeba hadi upate msimu ambao kimoja kiliondoka na vingine vikabaki. Ni kama injini inayokohoa. Ukibadilisha plagi, mafuta na kabureta kwa mkupuo mmoja, hutajua ugonjwa ulikuwa wapi.

Mfano ninaoupenda hauko hapa kwetu, lakini vijana wote wa Kirumba wanaujua. Familia ya Glazer iliinunua Manchester United mwaka 2005. Chini yao, Alex Ferguson akiwa kocha na David Gill akiwa mtendaji mkuu, timu ilitwaa ligi ya Uingereza mara tano: 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na Ligi ya Mabingwa ya 2008 juu yake. Mwaka 2013 Ferguson alistaafu na Gill akaondoka wakati huohuo. Matajiri walibaki walewale, na pesa haikupungua. Wamenunua wachezaji kwa bei ambazo Ferguson hakuwahi kuzilipa, makocha wamekuja na kuondoka, na ubingwa wa ligi haujarudi. Mashabiki wengi wanamlaumu tajiri, na wana haki ya kumlaumu kwa madeni aliyoibebesha klabu. Lakini tajiri huyo alikuwepo pia siku za makombe. Kilichoondoka mwaka 2013 ni watu wawili waliokuwa wakikaa kati ya tajiri na wachezaji.

Sasa geuza upande wa pili. Yanga ilitwaa ubingwa wa 2015, 2016 na 2017 Yusuf Manji akiwa mwenyekiti na mfukoni mwake ndimo mlimokuwa na klabu. Manji alijiuzulu 2017. Ukata ukaingia. Nakumbuka msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera akihimiza mashabiki wachangie, bakuli likapitishwa, na hata hapa Mwaloni tulitoa, Yanga na asiyekuwa Yanga. Timu ile ilimaliza ya pili. Huo ni uongozi wa benchi la ufundi na moyo wa wachezaji bila tajiri: ulifika nafasi ya pili. Lakini ubingwa haukurudi Jangwani, makao ya Yanga, hadi 2022, kampuni ya GSM ikiwa imeshaingia na pesa yake. Kwa hiyo mtu asikwambie tajiri si kitu.

Na Chelsea? Kijana wa vipuri aliniuliza hivyo. Mwaka 2022 ilipata wamiliki wapya, wakamwaga pesa nyingi sana kwenye usajili, na msimu wa 2022/23 ikamaliza ya 12. Nikamwambia Chelsea haifai kwa kipimo hiki. Walibadilisha mwenye timu, viongozi, kocha zaidi ya mara moja, na nusu ya kikosi, vyote ndani ya miezi michache. Hapo huwezi kusoma kitu.

Azam ndiyo inayonisumbua mimi, na sitaki kuificha. Tajiri mmoja tangu mwanzo, familia ya Bakhresa. Uwanja wao wenyewe Chamazi. Imepanda Ligi Kuu 2008 na haijashuka. Na ubingwa ni mmoja, wa 2013/14, waliouchukua bila kupoteza mechi. Ina tajiri, ina utulivu, lakini kombe limekuja mara moja. Nimelifikiria sana hili nikichambua dagaa. Nadhani tunachanganya maswali mawili. Kutokushuka ni swali moja, kuwa bingwa ni lingine. Bingwa ni yule aliyewazidi wote, na Simba na Yanga nao wanalipa, nao wana watu wao. Mchumi Stefan Szymanski, aliyechunguza mpira wa Uingereza kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba ukiangalia misimu mingi kwa pamoja, jumla ya mishahara ya timu inakwenda karibu sana na nafasi yake kwenye ligi, kuliko hata pesa inayotumika kununua wachezaji. Mwenye mishahara ya nafasi ya tatu kwa kawaida atakuwa wa tatu. Tajiri ndiye anayeweka dari ya nyumba. Mimi hapa nakufundisha kupima kama nyumba itasimama.

Msimu mmoja usikupofushe

Geita Gold ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22 na ikamaliza ya nne. George Mpole akafunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa ligi nzima, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Siku zile kwenda Geita kutoka Mwanza ilikuwa bado kusubiri kivuko Kigongo, daraja la kwenda Busisi lilifunguliwa 2025, na watu walikuwa wanavuka makundi kwa makundi kwenda kuangalia mpira. Kila mtu alisema Geita wana vipaji. Msimu wa 2023/24 wakashuka. Mpole alikuwa ameshakwenda Kongo, na Fred Felix Minziro, kocha wa msimu ule wa nne bora, hakuwepo. Minziro huyohuyo ndiye aliyeitwa Pamba Jiji mwishoni mwa 2024, baada ya Goran Kopunovic kuondolewa na timu ikiwa inazama, na Pamba Jiji haikushuka.

Leicester City ya 2015/16 ilipewa nafasi moja kwa 5,000 na kampuni za kamari, ikawa bingwa. N'Golo Kanté alikuwa ametolewa Caen, Riyad Mahrez alitoka Le Havre kwa pesa ndogo, Jamie Vardy alitoka Fleetwood, klabu ambayo haikuwa hata kwenye ligi nne za juu alipokuwa huko. Ukisema vipaji, ni kweli. Lakini kuna mtu aliyemwona Mahrez wakati wengine hawakuwa wanamtazama. Mkuu wa wasaka vipaji, Steve Walsh, alikuwa kwenye mshahara wa klabu, na aliyekubali alipwe ni kiongozi. Kanté aliondoka 2016. Februari 2017 kocha Claudio Ranieri alifukuzwa. Mwenye timu alikuwa yuleyule.

Kwa hiyo ukiona kijana anang'ara, usiandike tu "kipaji". Uliza nani alimwona kwanza, na je, mtu huyo bado yuko pale klabuni? Kama bado yupo na analipwa, kijana akiuzwa mwingine atakuja. Kama alikuwa mjomba wa straika aliyempeleka mazoezini siku moja, basi wana straika mmoja na baada yake hawana mtu.

Nikitaka kuwaonyesha watu vipaji peke yake vinafika wapi, nawakumbusha Biashara United ya Musoma. Msimu wa 2020/21 ilimaliza nafasi ya nne, ikapata kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti. Oktoba 2021, Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0. Vijana wa Mara, mabao mawili mkononi, imebaki kwenda kuyalinda. Mipango ya safari haikukamilika, timu haikufika Libya, mechi ya marudiano haikuchezwa, na Biashara ikatolewa mashindanoni. Msimu huohuo wa 2021/22 ikashuka daraja. Siku ile nililia, na si mtu wa Musoma mimi.

Nenda kambini siku ya Jumanne

Hii ndiyo kazi yenyewe. Usiende siku ya mechi. Siku ya mechi kila timu imevaa vizuri. Nenda Jumanne, tena ikiwezekana Jumanne ya baada ya kufungwa. Usimwone mwenyekiti kwanza, wala msemaji. Anza na mpishi.

Mama anayepika kambini anajua mambo ambayo hayajaandikwa popote. Anajua sahani zilikuwa 28 mwezi uliopita na sasa ni 21. Anajua nyama imekatika tangu lini. Anajua nani anakula chumbani peke yake kwa hasira. Usimwendee na maswali ya polisi. Msalimie vizuri, kaa kwenye kibao, mpelekee hata kisado cha dagaa, umsaidie kuchambua mchele. Halafu muulize swali moja: "Mama, mwezi ule pesa ilipochelewa, mlifanyaje?" Kila timu ina mwezi huo. Anayekujibu kwamba haijawahi kuchelewa, amefundishwa cha kusema. Sikiliza anavyosimulia. Kama anasema "tuliitwa wote tukaambiwa", andika. Kama anasema "sisi tuliona tu wengine wana hela wengine hawana", andika kwa kalamu nyekundu.

Baada ya mpishi, mtunza vifaa. Hesabu mipira. Tazama viatu: mchezaji wa kulipwa anayeazima kiatu ameuza chake. Halafu mwenye basi, ambaye hana sababu ya kuificha timu. Muulize kama analipwa kabla ya safari au baada, na kama anadai. Mwenye gesti vilevile. Hesabu wachezaji mazoezini, kisha linganisha na sahani za mpishi. Sahani zikizidi wachezaji, kuna watu wanakula kambini na hawachezi. Wachezaji wakizidi sahani, kuna waliohama kambi.

Najua haya kwa sababu yalitupata. Msimu wangu wa kwanza tulikuwa na vijana wazuri kuliko wote niliowahi kuwaona kwa macho yangu. Tulikuwa na winga wa kushoto kutoka Igoma aliyekuwa akipita mabeki kama anavyopita mtu kwenye mahindi. Hadi Krismasi tulikuwa wa pili kwenye kundi letu. Januari malori ya tajiri yakakamatwa kwa deni. Mshahara wa Januari haukuja, wa Februari ukaja nusu, na katibu wa wakati ule akawalipa wale aliowapenda, wanane, usiku, mmoja mmoja. Asubuhi kila mtu alijua. Mazoezini hakuna aliyekuwa akimpa pasi mwenzake aliyelipwa. Nimelishuhudia hilo Nyamagana, mpira unapita mbele ya mtu yuko wazi, na mwenzake anageuka upande wa pili.

Machi tukatakiwa kusafiri kwenda kusini, siku mbili barabarani. Mwenye basi alitushikilia stendi ya Nyegezi hadi saa nne usiku kwa deni la safari iliyopita. Nilitoa pesa ya magunia yangu sita. Tulifika saa sita mchana siku ya mechi, vijana wakavaa jezi ndani ya basi, tukafungwa tatu. Tulimaliza msimu tukiwa wa tisa.

Msimu wa pili ndio ulionifundisha. Tajiri alikuwa yuleyule. Wachezaji walikuwa walewale, isipokuwa watatu waliondoka, na yule winga alikuwa mmoja wao. Kilichobadilika ni katibu. Alikuja mwalimu mstaafu, mtu wa sauti ndogo, ambaye mpira alikuwa anaujua wa redioni. Alifanya mambo matatu. Pesa yoyote iliyoingia, kwanza alitoa nauli ya basi la safari ijayo akaniletea nimwekee. Pili, tarehe tano ya kila mwezi aliwakusanya wachezaji wote, na mpishi, na mtunza vifaa, akawasomea: kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Tatu, kama hakikutosha, walipata wote kwa kiasi sawa cha mshahara wao. Kama ni nusu, nusu kwa wote, kuanzia nahodha hadi anayefua jezi, na kilichobaki kikaandikwa kama deni na yeye akasaini mbele yao.

Februari pesa ilichelewa tena. Wiki sita. Hakuna aliyeondoka. Nahodha alikuja hapa Mwaloni akanieleza: "Mama, hatuna hela, lakini tunajua hela iko wapi." Tulimaliza wa nne, tukiwa na vipaji pungufu kuliko mwaka uliotangulia.

Tangu hapo mtu akiniuliza nini kinabeba timu, jibu langu ni uongozi, na sisemi kwa kusoma. Pesa ya tajiri ni lazima, bila hiyo hakuna mtumbwi. Kipaji ni lazima, bila hicho nyavu zinarudi tupu. Lakini pesa huja na kukatika, na vijana huondoka kwa sababu ni haki yao kuondoka. Nilimwona tajiri yuleyule na vijana walewale wakiwa timu mbili tofauti kwa sababu ya mzee mmoja na kalamu.

Ukishajua, fanya hivi

Kama wewe ni mchangiaji, usitoe pesa kwa "timu". Toa kwa kitu. Sema: mimi nalipa basi la mechi ya ugenini ya tarehe fulani, na umlipe mwenye basi mwenyewe, risiti iandikwe jina la timu na jina lako. Timu yenye uongozi itafurahi kwa sababu umeipunguzia kazi. Timu isiyo na uongozi itakasirika, itasema humwamini mwenyekiti. Hasira hiyo nayo iandike.

Kama unaitwa udhamini, omba orodha ya mishahara ya miezi mitatu yenye saini za waliopokea. Saini tu. Viwango wanaweza kuvifunika kwa karatasi. Uliza pia kama klabu imewahi kufungiwa kusajili na FIFA kwa kutolipa mchezaji au kocha. Ni jambo linalojulikana wazi, timu kadhaa za nchi hii limezikuta. Kijana wa vipuri aliomba orodha, akazungushwa wiki tatu, akaiacha. Pesa ile akanunua jezi za timu ya mtaa wake.

Na kama wewe ni mzazi, mkataba usomwe nyumbani, kwa mwanga wa mchana, na mtu anayejua kusoma mikataba. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinatambua kwamba mchezaji ambaye klabu imeshindwa kumlipa mishahara ya miezi miwili ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi ameidai kwa maandishi na kuipa klabu siku zisizopungua 15 ilipe. Kwa maandishi. Mwanao akidai kwa mdomo kwenye korido, hajadai. Afunze mkono wake kuandika barua na kubaki na nakala, na akikwama aende chama cha wachezaji kabla hajaacha mazoezi, kwa sababu akiacha mazoezi kwanza yeye ndiye atakayeonekana amevunja.

Yule baba wa Buswelu alirudi juzi. Alikwenda kambini Jumanne mbili. Mpishi anadai wiki tatu, lakini aliambiwa tarehe ya kulipwa na sababu. Mwenye basi hadai. Mazoezini walikuwa 24 na sahani ni 24. Mishahara ya mwezi ule uliochelewa ililipwa robo tatu, kwa wote, siku moja. Katibu ni mama, ana daftari kama langu. Tajiri wao ana umri mkubwa na hana mrithi anayependa mpira, na hilo ndilo lililonifanya nimwambie kijana asaini mwaka mmoja, asisaini mitatu kama walivyotaka. Nakala moja ya mkataba ameiacha kwangu, iko chini ya mizani.